Paa Limelikataa Jino

Jumatatu, 5 Julai 1976
Hakuna mtoto hata mmoja. Kiti nimekifuta, koleo nimelichemsha, nimekaa mlangoni pa zahanati kama muuza vitumbua siku ya mvua. Daktari Telesphory, mkubwa wangu wa Kisarawe, anakuja Jumamosi. Akinikuta natibu, ananipendekeza nikasomee udaktari wa meno Dar. Akinikuta nimekaa, narudi stoo kukunja bandeji.

Watoto wote wanakwenda kwa Bi Mwanamvua, anayeng'oa kwa uzi. Uzi! Mimi nina cheti cha msaidizi.

Jumanne, 6 Julai
Sababu nimeijua. Mboni kaletwa na mama yake, jino la utoto limeoza. Nimeling'oa vizuri, hata hakulia. Mama akaliomba, akatoka nje, akalirusha juu ya paa la zahanati ili mwanawe apate jipya. Paa ni la bati. Jino likabingirika, likamwangukia miguuni. Akarusha tena. Likarudi tena. Akasema paa limelikataa, na jino likikataliwa, jingine halioti. Kufika alasiri kijiji kizima kinasema heri kwa Bi Mwanamvua, paa lake ni la makuti.

Nimemkumbuka bibi yangu kule Kongowe. Langu alilirusha juu ya makuti, likamezwa kimya. Nililala ulimi ukitafuta pengo, nanusa moshi wa jikoni kwake. Natamani harufu ile hadi leo. Mdogo wangu Biasha hakubahatika. Jino lilimvimbisha shavu, baba akambeba mgongoni hadi Kibaha, na mganga wa meno hakuwepo. Mpaka leo anatafunia upande mmoja. Siku ile niliapa watoto wa huku watakuwa na daktari wao, na daktari huyo ni mimi.

Jumatano, 7 Julai. Sabasaba
Akili ni nywele. Wote wako uwanjani kwenye ngoma. Mwenyekiti wetu, Ndugu Mwishehe, yuko Kisarawe kwenye sherehe. Nimemwomba Bi Mwanamvua makuti ya banda lake bovu, nikamwambia ni ya jiko. Kanipa yote, na kashata juu. Nimeezeka juu ya bati. Nimeanguka mara moja tu.

Alhamisi, 8 Julai
Watoto wamejaa! Meno yanarushwa, yanakaa. Wananiita Bwana Meno. Bi Mwanamvua kapita, akatazama juu, akasema makuti yake yamepata cheo. Wivu huo.

Ijumaa, 9 Julai
Mwenyekiti karudi. Bati lile alilihangaikia mwenyewe, kila mkutano analitaja. Kasema nimekirudisha kijiji kwenye ukoloni, na niyashushe makuti kabla mgeni hajafika.

Nikavuta kuti la kwanza. Meno yakamwagika mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni. Mama Mboni akaokota moja, akasema ni la mwanawe, kumbe Jumanne hakukata tamaa, alirudi jana kulirusha. Mwenzake akasema la kwake hilo, si unaona lilivyooza. Wakavutana. Bi Mwanamvua akaja na ungo, akayazoa yote, akaenda kuyarusha kwake. Wagonjwa wangu wote wakamfuata.

Jumamosi, 10 Julai
Daktari Telesphory kakuta kiti kitupu. Nikamweleza yote. Akauliza kwa nini sikuwapa akina mama meno wakayarushe makwao, maana kila nyumba hapa ni ya makuti. Nikasema sikuwahi kuliwaza hilo. Alicheka hadi akavua miwani.

Halafu akaacha kucheka. Nafasi ya Dar kapewa Leodegar wa Mlandizi. Stoo sirudi, kazi yangu kasema ni safi, ila nibaki hapa mwaka mmoja nipate akili. Nimelia nyuma ya tangi la maji. Nimemlilia Biasha zaidi kuliko Dar.

Jumapili, 11 Julai
Nimeamka mzima. Ushauri wa daktari nimeupima, nikaona una kasoro. Jino likienda nyumbani, mtoto atajuaje kwamba ni zahanati iliyomtibu? Heshima yote itakwenda kwa makuti ya watu.

Nimepata dawa. Ulimbo! Naupaka bati zima, jino likitua linanata. Hauonekani kutoka chini, mwenyekiti hatajua kitu. Nimekwenda kuuomba kwa Bi Mwanamvua, kanijazia kopo. Akaniuliza nataka kutega ndege gani.

Nimecheka njia nzima. Mama wa watu, hajui lolote kuhusu meno.