Punda Aliyebebwa na Temeke Nzima

Leo sina pa kuuweka uso.

Nawaandikia upesi, ninyi wenzangu wa darasa la usiku mliohamia Tanga na Morogoro, kabla habari haijawafikia kwa kinywa kingine. Ikifika kwa kinywa kingine mtaambiwa nimerukwa na akili. Sijarukwa. (Mama hana hakika, lakini mie najijua.)

Mnajua Mwalimu Zakaria alikuwa aondoke leo. Gari moshi la alasiri, kwao Dodoma, moja kwa moja, na harudi tena. Amezeeka, macho yamemchoka kwa kusahihisha miandiko yetu chini ya karabai, miandiko ambayo kuku angeionea haya. Basi sie tuliobaki hapa mjini tulikubaliana tumuage palepale darasani Ilala, saa sita mchana, na kila mmoja alete kitu alichokitengeneza kwa mkono wake. Mmoja akasema mkeka. Mwingine kikapu. Mie nikasema nitaleta punda.

Taratibu mnamkumbuka? Yule punda wa babu yangu, Mzee Pazi, aliyekuwa akipita na madebe ya maji Temeke yote. Sikio moja limelala, mdomo wa chini unaning'inia kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Akisimama hupumzisha mguu mmoja wa nyuma, ukwato umegusa ardhi kwa ncha tu, kama bibi harusi anayeogopa kuchafua viatu.

Na ule usiku wa vibao mnaukumbuka pia. Mwalimu alituambia tuchore kitu tunachokijua kuliko vyote duniani. Mkachora nyumba, mkachora baiskeli. Hamza akachora motokaa ambayo hajaigusa hata tairi. Mie nikamchora Taratibu, nanyi mkacheka mpaka wadudu wakakimbia taa. Mwalimu hakucheka. Alikishika kile kibao kwa mikono miwili, akakaa nacho kitambo, akasema, "Ipo siku nataka nimwone huyu amesimama."

Alisema mara moja tu. Mie nimeishi na neno hilo miaka.

Babu alipofariki, Taratibu naye akamfuata kabla mvua hazijakatika. Ndipo nikaanza kuchonga. Jamani, msimdharau mchongaji! Wa kwanza alitoka mbuzi. Wa pili alitoka mbwa aliyefiwa. Wa tatu Mama alimtazama akaniuliza kama ni kiti. Nilikuwa naanza na masikio, kwa sababu masikio ndiyo kila mtu anayoyajua ya punda, na kila nikimaliza masikio napata mnyama wa watu wengine.

Siku moja nikaweka tezo chini, nikakaa kizingitini na kufumba macho. Nikajiona mtoto, juu ya mgongo wa Taratibu, katikati ya madebe, maji yananirukia magotini, babu anatembea pembeni akimwambia, "Haya baba, haya." Na ule uti wa mgongo wake ukinichoma makalioni! Wenzangu, macho yangu yalikuwa yamesahau mengi. Makalio hayakusahau kitu. Nikainuka, nikachukua gogo la mkorosho, nikaanza na uti wa mgongo, palepale uliponiumiza. Mgongo ulipokuwa sawa, tumbo likajua pa kuning'inia, shingo ikajua pa kuinama. Masikio niliyaweka mwisho kabisa, karibu niyasahau.

Sasa tuje kwenye ya leo.

Asubuhi nimempaka mafuta ya nazi, anang'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Miguu nimeichonga mbali na mwili, inaingia kwa vigingi, kwa hiyo nimeichomoa isivunjike njiani. Tatizo ni kumfikisha Ilala. Ni mkubwa! (Hamza akisema ni saizi ya ndama, msimsikilize. Ni tembo mdogo.) Mkokoteni tulioahidiwa ukakatika mhimili. Rafiki yangu Mbaruku, mnamjua, mtu wa kupenda kazi iliyokwisha, akakuna kichwa.

"Tumlaze kwenye kitanda cha kamba, tumbebe mabegani. Tupo wanne."

Tukamlaza ubavu, miguu yake nikaipanga pembeni. Mama akatoka na shuka. Nyeupe. Mpya.

"Mfunikeni," akasema, "vumbi litamganda na mafuta hayo, mwende mkamwone Mwalimu na punda wa udongo."

Tukamfunika, gubigubi.

Hebu fikirini nyie wenyewe. Wanaume wanne, kanzu na kofia, maana tunakwenda kuaga mtu mzima. Kitanda mabegani. Juu yake kitu kirefu kimefunikwa shuka nyeupe. Na tuko kimya, kwa sababu mkorosho ni mzito na hakuna mwenye pumzi ya kuongea.

Hatujafika mbali, muuza samaki mmoja akashuka kwenye baiskeli yake. Akaiegemeza ukutani na tenga lake la samaki, akavua kandambili, akazivaa tena, akaja mbio akaingiza bega chini ya kitanda.

"Inna lillahi," akasema.

Mnatujua tulivyo. Ukikutana na jeneza njiani huulizi la nani. Unatia bega, unatembea kidogo, unampokeza mwenzio, unapata thawabu zako. Ndivyo tulivyolelewa, na ni malezi mema. Leo yameniua.

"Ahsante, bwana," nikamwambia, "lakini huyu si maiti. Ni punda."

Akanitazama kwa huruma. "Mlikuwa karibu sana?"

"Alikuwa wa babu yangu!"

"Basi usimtukane marehemu, ndugu yangu. Najua, uchungu huo."

Akaniondoa begani kwa upole, akashika yeye. Mwingine akatoka kwa kinyozi na sabuni bado iko shavuni. Wakatoka wengine dukani, wengine kwenye bao. Kila mmoja anapokea, anapokeza, na mie nasukumwa nyuma, nyuma, nyuma, mpaka nikawa naufuata msafara wangu mwenyewe kama mpita njia.

"Mbaruku!" nikaita. "Waambie!"

"Niwaambie nini," akasema, "na bega langu ndiyo kwanza linapumua?" Nikamwona anakata kona kuingia barazani kwa wanywa kahawa.

Mambo yakakua. Njia panda askari akasimamisha magari, akapiga saluti. Mzungu mmoja ndani ya gari lake akavua kofia. Wanawake wakatoka milangoni wamejitanda kanga, na bibi mmoja wa Keko, ambaye sijawahi kumwona tangu nizaliwe, akaangua kilio: "Kijana mdogo hivyo!" Nani kamwambia kijana? Nani kamwambia mdogo? Na mwendo nao ukazidi, maana maiti hacheleweshwi. Watu mia tano, wenzangu! (Haya, themanini.)

Tulipofika penye njia ya kwenda Ilala, jeneza halikwenda Ilala. Likakata kushoto, kuelekea msikitini.

Nikapenya, nikaning'inia kwenye tendegu la kitanda. "Siko! Siko huko! Mie nakwenda Ilala, Mwalimu ananingoja!"

Mkono ukanishika kwapani. Mzee Kibwana, muadhini, jirani yetu wa siku nyingi. "Sote tutakwenda, mwanangu," akaniambia polepole. "Kila mtu na siku yake."

Jua lilikuwa utosini. Nikaiona saa sita inanipita. Nikamwona Mwalimu amekaa mbele ya mikeka na vikapu, anautazama mlango. Kisha ananyanyuka, anavaa kofia, anakwenda stesheni bila kumwona Taratibu. Hapo, nakiri, machozi yalinitoka. Kumbe ndiyo nimeharibu kabisa! Mzee Kibwana aliyaona machozi akanikumbatia, na mwingine akanishika upande wa pili, nikaingizwa uani kwa msikiti miguu haigusi chini.

Kitanda kikawekwa mbele. Shehe akatoka, akapanga safu, akageuka. Kama ada, inabidi ajue asimame wapi.

"Maiti mwanamume au mwanamke?"

Wote wakanigeukia mie, mfiwa.

"Dume," nikasema.

"Sema mwanamume," Mzee Kibwana akaninong'oneza. Kisha kwa sauti: "Mwanamume, shehe. Huyu kijana msamehe, kwa uchungu akili haipo."

Shehe akaugeukia umati. "Mnamshuhudiaje marehemu?"

"Mtu mwema!" ua mzima ukanguruma.

"Hakuwa na neno na mtu!" akaongeza muuza samaki, kwa sauti kuliko wote. (Kweli hakuwa nalo.)

Shehe akaanza kuinua mikono. Jamani, mie ni mtu wa mzaha, mnanijua, lakini kuna mahali mzaha unakoma. Nikaona heri niaibike mie kuliko shehe wa watu kuuswalia mti wa mkorosho. Nikajichomoa kwenye mikono yao, nikaruka, nikaishika ncha ya shuka, nikavuta.

Jua likapiga juu ya mafuta ya nazi. Taratibu akang'aa.

Nilisikia nzi. Kisha muuza samaki akasema taratibu, kama mtu anayejisemea peke yake:

"Marehemu ana masikio."

Mtu mmoja safu ya nyuma akapasuka kicheko, akajiziba mdomo kwa kofia. Wengine hawakucheka. "Nimeacha duka wazi!" "Nimenyolewa nusu!" "Samaki wangu juani, na nimeshuhudia punda!" Shehe akanyoosha kidole. "Sanamu! Uani kwa msikiti! Itoeni nje sasa hivi, mpaka ng'ambo ya barabara! Na wewe kijana, una akili?"

"Nilisema, shehe. Nilisema tangu Temeke ni punda."

"Alisema," muuza samaki akakubali, ameinamisha kichwa. "Alisema kweli. Nikampa pole."

Wakanyanyua kitanda tena, safari hii bila mtu kugombea bega, wakakitua nje ng'ambo ya barabara. Watu wamenizunguka, kila mmoja na tusi lake mkononi. Mara Mzee Kibwana akapenya, akachuchumaa karibu na kile kichwa cha mti. Akaugusa ule mdomo unaoning'inia.

"Huyu si Taratibu?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mama yangu alipofariki, kisima cha mtaani kilikuwa kimekauka. Alfajiri nikafungua mlango, nikamkuta huyu amesimama uani na madebe, na babu yako pembeni yake. Hakuna aliyewaita. Maji ya kumuosha mama yangu, huyu ndiye aliyeyaleta." Akafuta uso kwa ncha ya kanzu, akawageukia wale waliokuwa wakinitukana. "Mnalalamika mmembeba leo? Nani hapa hajanywa maji yake?"

Wakaanza kusogea, mmoja mmoja, kumtazama. "Sikio ndilo hilohilo." "Alinikanyaga kidole nikiwa mtoto, huyu." Yule wa sabuni akamkumbuka babu alivyokuwa akiimba, akaanza kumwigiza, na nusu ya ndevu zake.

Katikati ya hayo nikasikia viatu vinakuja mbio barabarani, viatu vya ngozi, vya mtu asiyezoea kukimbia. Mwalimu Zakaria. Tai imegeukia mgongoni, kofia mkononi, Hamza anahema nyuma yake. Akaja mpaka kwangu, akanishika mkono, na kwa macho yake yale asinitambue.

"Kijana, wamekwisha kumzika?"

"Nani, Mwalimu?"

"Sele wangu. Yule wa punda. Hakuja darasani, na kwenye kahawa wanasema jeneza limetoka nyumbani kwao."

Nikasema neno moja tu lililokuja. "Shikamoo, Mwalimu."

Aliijua sauti. Kofia ikamwanguka. Kisha akaiokota, akanipiga nayo kichwani, begani, mgongoni, mbele ya Keko nzima, huku akilia na kucheka. "Nimeliacha gari moshi! Nimeacha sanduku langu kwa makuli! Nimekuombea njia nzima, mjinga wee!"

"Nilikuwa nakuletea," nikasema. Nikamwonyesha.

Tukaitia miguu palepale kando ya barabara. Muuza samaki ndiye aliyepigilia vigingi kwa jiwe, amekataa kusaidiwa. Tukamwinua. Akasimama, mguu wa nyuma umegusa ardhi kwa ncha. Mwalimu hakuona vizuri, basi akaweka kiganja juu ya shingo, akakiteremsha polepole katika uti wa mgongo, mpaka mwisho, akakirudisha.

"Mgongo huu," akasema, "umepandwa na mtoto."

Mngenijibia nyie.

Gari moshi limekwenda zake, na sanduku Hamza amelipata. Mwalimu yuko kwetu mpaka gari lijalo, amekaa uani na Mama wanashindana kusimulia visa vya babu. Aibu yangu haijaisha, lakini. Tangu alasiri watu wanabisha hodi kutoa pole, na habari ya kweli ndiyo kwanza wanaisikia mlangoni. Yule bibi wa Keko naye amefika. Nimemweleza yote, akafikiri, akasema amekuja kutoka mbali na amekwishajiandaa, basi akalia kidogo, akanywa chai, akaenda zake.

Kwa hiyo wenzangu, hapa kwetu ukiwa na mzigo mzito usihangaike kumwomba mtu msaada. Ufunike tu shuka nyeupe, utabebewa hadi usikotaka. Na atakayecheka, namshuhudia si mtu mwema.