Meno ya Mama Mkwe

Jumamosi, 3 Mei
Aibu! Tumecheza tena kwenye chumba cha nyuma cha duka la Fundi Saa. Yeye ndiye msimulizi: anatuletea hadithi ya mapango na mazimwi, sisi tunarusha dadu na kujifanya wachawi. Kila mchawi ana mwandani, yaani kiumbe cha kumtumikia. Wangu ni bundi. Mfamasia, hasimu wangu, kaleta wake mpya: paka asiye na uso, anayelia kwa sauti ya mtu uliyemzika. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama kuku wangu ameshaanza kutaga. Wakacheka. Hata Fundi Saa, ambaye huwa hacheki. Ametangaza kwamba Jumamosi ijayo tutapiga kura, na mwenye mwandani wa kutisha kuliko wote ataongoza msafara wa mapangoni. Lazima niwe mimi.

Jumatatu, 5 Mei
Nimemjaribia mke wangu buibui anayelia kama mtoto mchanga. Amesema masikini, mpe maziwa. Nikajaribu kivuli kinachomtangulia mwenyewe. Amesema hata chake hufanya hivyo, jua likiwa mgongoni.

Jumatano, 7 Mei
Nimepata! Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, huloweka meno yake ya bandia kwenye bilauri akijilaza mchana. Nimeyatazama. Yamenitazama. Mwandani wangu: meno yasiyo na kinywa, yanayotambaa gizani yakitafuna majina ya watu. Jina likishatafunwa, mwenyewe husahaulika, hata na mama yake mzazi. Mwili ulinisisimka mimi mwenyewe! Ila maneno matupu hayavunji mfupa. Wanahitaji kuona.

Ijumaa, 9 Mei
Nimemwomba mama mkwe, kwa heshima zote, aniazime meno. Nimesema ni ya kazini. Akataka kujua kazi gani hiyo, maana mimi nauza mapazia. Nimemsifia kilemba.

Jumamosi, 10 Mei
Mama kajilaza baada ya chakula. Meno nikayatia mfukoni, ndani ya leso safi. Mimi si mshenzi. Nikayaweka mezani kwa Fundi Saa, nikazima taa moja, nikaanza kunong'ona habari za majina yanayotafunwa. Mfamasia akarudisha kiti nyuma. Raha iliyoje! Kumbe mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe amesimama hapo, khanga kichwani, mashavu yamebonyea, binti yake, mke wangu, nyuma. Sijui amesikia tangu wapi. Akayachukua meno, akayasuuza kwenye glasi ya Mfamasia, akayavaa. Tak! Akanigeukia.

"Baba," akasema, "jina lako nani vile?"

Mfamasia alipiga ukelele. Kura zote zimekwenda kwa mama. Ndiye anayeongoza msafara.

Jumapili, 11 Mei
Mke wangu hasemi nami. Nimempigia mama magoti. Kanisamehe upesi mno. Alichotaka ni kuelezwa dadu ya nyuso ishirini hurushwaje. Mfamasia ndiye makamu wake. Mimi nabeba mizigo ya msafara. Nimeapa mbele ya mama na binti yake: sigusi tena kitu cha mtu. Safari hii nimejifunza kweli.

Jumatatu, 12 Mei
Mlango wa pili kahamia mzee mmoja mpole. Ana jicho la kioo. Nimemkaribisha chai, nikamuuliza, kwa heshima zote, kama hulitoa akilala.