Ulanzi wa Agosti

Remmy hakuwa na pa kulala, lakini bando la intaneti alikuwa nalo, na mtu mwenye bando haadhiriki upesi. Asubuhi hiyo mwenye nyumba wake alikuwa amemtupia godoro nje. Remmy akaketi juu yake, pale pale mtaani Bombambili, akafungua simu. Gesti ya Mama Notburga, ng'ambo ya barabara, ilikuwa na nyota mbili na maoni matatu, mawili yakihusu kunguni. Akasimama, akajikung'uta vumbi. Riziki ilikuwa imemwita kwa jina.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mtaalamu wa nyota."

"Marahaba. Mganga?"

"Nyota za mtandaoni, mama. Siku hizi msafiri hapandi basi kabla hajasoma wenzake wamesemaje. Nipe chumba namba tatu mwaka mzima, mimi nikupe nyota tano."

Mama Notburga alimtazama yeye, kisha godoro.

"Lala humo kwa sasa. Wageni wakija, mwaka ni wako. Wasipokuja, unalijua godoro lako lilipo."

Basi Remmy akawa watu thelathini. Akawa mfanyabiashara wa Mwanza, bibi harusi wa Tabora, Mjerumani mstaafu. Wote walilala kama watoto, wote walioga maji ya moto saa zote. Na kwa kuwa mtu huandika anachokitamani, wote, Mjerumani akiwemo, walisifu kikombe cha ulanzi mbichi, ile pombe ya mianzi, anachopokewa nacho kila mgeni. Nyota zikapanda mpaka zikakaribia tano.

Huko Madaba, Mwalimu Leticia, mstaafu na katibu wa kwaya, alikuwa akitafutia waimbaji ishirini malazi ya jubilei ya kanisa mjini. Aliyasoma maoni ya gesti ya Mama Notburga kama alivyosahihisha mitihani: ya sifa tupu aliyaruka, ya matusi aliyaruka, akatafuta ya katikati. Hayakuwepo. Akaona sentensi zinafanana kama za wanafunzi wa dawati moja. Kisha akatazama tarehe: Agosti. Madaba hata mtoto anajua kuwa mianzi hutoa ulanzi wakati wa masika. Agosti hutoa fimbo. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Halafu akapiga simu.

"Hayo niliyosoma ni kweli?"

"Kila neno, mama," alijibu Remmy, aliyekwisha kujipa umeneja. "Likikosekana hata moja, mnalala bure."

"Hilo liandike hapo hapo mtandaoni, nilione."

Akaliandika. Njia ya mwongo ni fupi, ila yeye aliikimbia.

Ijumaa kwaya ikashuka na ngoma zake. Mwalimu akafungua daftari alimonakili maoni yote thelathini.

"Ulanzi mbichi?"

"Umeisha jana, mama."

"Mwezi wa nane, mwanangu? Mimi nimezaliwa kwenye mianzi."

Mama Notburga aliichukua simu ya Mwalimu, akasoma ile ahadi polepole, mara mbili.

"Nani kaandika walale bure?"

Remmy alitamani ardhi ipasuke. "Lakini wageni wamekuja, mama," alinong'ona. "Makubaliano ni makubaliano."

"Kweli kabisa. Chumba ni chako. Na maneno nayo ni yako, nenda ukayatimize. Anza na maji ya moto."

Siku mbili Remmy alipuliza kuni na kubeba ndoo. Hakujua kwamba waimbaji wa sauti ya pili huoga mara tatu kwa siku.

Jumapili, kabla ya kuondoka, Mwalimu aliandika maoni yake: "Nyota nne. Ulanzi hakuna, ni Agosti. Kunguni sikuwaona. Maji ya moto yapo saa zote, anayaleta mlangoni Remmy, kijana mpole sana. Mwiteni kwa jina."

Yalikuwa maoni ya kwanza ya kweli tangu nyota za gesti ile zianze kupanda, na watu waliyaamini. Remmy angeweza kuondoka. Lakini pengine pa kulala hakuwa napo, na sasa hata bando lilikuwa limekwisha.

"Remmy!" Mama Notburga aliita uani. "Wageni wa Namtumbo wamefika. Wanakuulizia."