Nilivyomkana Mume Wangu Stendi

Jamani, aibu niliyoipata leo stendi ya Shinyanga ingetosha kugawiwa ukoo mzima na ikabaki. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na waliokuwepo. Na ndiyo, naandika kwa simu ya wifi yangu, Kabula. (Wifi wa kuolewa, siyo ile ya intaneti.)

Mnaonijua mnajua simu janja niliiacha. Kwa wasiojua: yote yalianzia kwa mbuzi. Nilikuwa nimekaa uani naangalia video ya mwanamke anapika biriani, nchi gani sijui. Mwanangu Neema akasema, "Mama, mbuzi." Nikasema, "Ehee." Akasema, "Mama, mbuzi anakula." Nikasema, "Mwache ale." Kuja kuinua macho, nusu ya kitenge changu iko kambani, nusu iko tumboni kwa mbuzi wa jirani. Kitenge kipya! Siku hiyo hiyo nikaifungia simu kwenye sanduku la bati, nikanunua kitochi. Kupiga, kupokea, meseji. Basi.

Nikajiona shujaa. Kazi zinaisha mapema. Neema akiongea namsikia mara ya kwanza. Biriani bado sijui kupika, lakini kwani mchele uko wapi?

Kitu kimoja tu sikukifikiria. Baba Neema yuko Geita, anafanya kazi kwenye karasha, wanasaga mawe ya dhahabu. Zamani tulikuwa tunapigiana video kila jioni. Yeye anaongea, mimi nakata mboga, jicho moja kwake, jingine kwenye umbea uliokuwa unaingia kwenye simu hiyo hiyo. Uso wake niliuzoea kama ukuta wa jikoni.

Kitochi hakina uso. Kina sauti tu. Nikaanza kumsikiliza mwanaume huyu. Nikasikia anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo zito. Nikasikia anavyocheka kwa pua. Akishakata, nabaki nimebana simu sikioni, ya moto, sitaki kuitoa. Mume niliyezaa naye, nikaanza kumtamani kama mchumba! Nikifumba macho nampata kipande kipande: leo ndevu, kesho mabega. Akija mzima mzima, usingizi unakatika. (Msicheke bado. Penyewe hapajafika.)

Juzi ikaingia meseji: "Naja Jumamosi. Basi la mchana." Niliisoma mpaka Neema akaniuliza kama nimefeli mtihani.

Leo basi. Nimeamka na majogoo. Nywele nilikuwa nimesuka jana. Nikapika nsansa za karanga kwa sababu majani ya kunde yaliyokaushwa ndiyo ugonjwa wake, nikamwachia Kabula nyumba na mtoto, nikajipaka mafuta mpaka kwenye visigino. Kabula akaniangalia akasema, "Wifi, unaenda kupokea mume au unaenda kuolewa?" Nikamwambia asimamie moto.

Basi la Geita likaingia na vumbi lake. Nikajisogeza mlangoni kabisa. Akashuka mama na mtoto mgongoni. Wakashuka vijana na mabegi. Akashuka mzee na kuku. Kila mguu ukitokeza kwenye ngazi moyo unaruka, kisha unarudi chini. Akashuka mwanaume mmoja mwembamba, kipara kinang'aa, kavaa barakoa, anakohoa. Nikampisha. Nikaendelea kuangalia mlango. Konda akafunga.

Ndevu zangu hazikushuka!

Nimesimama pale, namsikia mtu nyuma yangu. Nageuka, ni yule kipara. Kanyoosha mikono yote miwili, anataka kunikumbatia.

"Wewe! Vipi?" Nikaruka nyuma.

Akasema kitu. Sauti kama bawaba iliyokosa mafuta. Nikashika maneno mawili tu: "Mke wangu."

"Mke wako nani? Mimi nina mume!"

Akacheka, au alikohoa, sikujua. Akanishika mkono. Hapo nikapiga ukelele ambao nadhani ulifika Kishapu. "Jamani, nisaidieni! Simjui huyu!"

Watu si wakajaa. Dereva mmoja wa bodaboda akamshika yule mtu bega. "Oya, mwache mama wa watu." Mama muuza michembe akasimama na sinia lake la viazi. "Mayu, mama yangu, amekuibia?"

Ningesema hapana, yangeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa na miezi ya maneno yaliyojaa kifuani, na leo ndiyo ilikuwa siku yake. Yakamwagika mahali pasipo pake.

"Namsubiri mume wangu!" nikawaambia wote. "Mume wangu ana ndevu! Mume wangu ana sauti, akiongea unasikia raha mpaka kwenye magoti! Siyo huyu panzi wa kiangazi! Mimi nimemngoja, nalala na shati lake nimelikumbatia kama mtoto, leo ndiyo anafika, halafu huyu ananiharibia siku!"

Stendi nzima ikanigeukia. Kweli, hata wapiga debe.

Yule kipara akatoa simu mfukoni, akabonyeza. Akaiweka sikioni, ananiangalia.

Kitochi changu kikalia kifuani. (Kina mlio kama gari la wagonjwa.) Nikakichomoa. Kimeandika: BABA NEEMA.

"Haya!" nikamwambia yule mtu, kidole puani pake. "Mume wangu huyo anapiga. Sasa utamtambua!" Nikapokea, tena kwa sauti ya kudeka. "Haloo, Baba Neema, uko wapi? Njoo haraka, kuna kichaa hapa ananisumbua!"

Bawaba ikalia mara mbili. Mara moja sikioni, mara moja mbele yangu.

"Kichaa ndiyo mimi, Mama Neema. Nina mafua."

Akashusha barakoa.

Sina la kuwaambia kuhusu kicheko cha pale. Dereva wa bodaboda alikaa chini. Mama wa michembe alitugawia kiazi kimoja kimoja, bure, akasema, "Kale ukapate nguvu, baba, unangojewa."

Tukapanda bajaji. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia umenyoa?"

"Vumbi la karasha lilinila kichwa na kidevu, nikanyoa vyote. Nilikutumia picha."

"Wapi?"

"Kule kwenye simu ya sandukuni."

"Si unajua siifungui!"

"Najua." Akakohoa. "Natuma tu. Kila jioni nikitoka kazini najipiga moja, natuma. Nilisema siku ukifungua utanikuta."

Nikageukia nje. Vumbi lilikuwa limeniingia machoni. (Bajaji ilikuwa na turubai pande zote, lakini liliingia.)

Baadaye akanong'ona, "Shati lipi?"

"La bluu."

"Nililitafuta hilo mpaka nikagombana na wenzangu chumbani!"

Nyumbani, Neema alimwona akiwa bado getini, akakimbia akamrukia. Hakuuliza ndevu, hakuuliza sauti. Naye Kabula akasema, "Kaka, kipara kimekukaa kuliko kwenye picha." Nikamgeukia. "Ulijua?" Akashangaa. "Si alituma kwenye grupu la familia? Nilidhani unajua, wifi, wewe ndiye mwenye mume."

Kumbe ukoo mzima unakijua kichwa cha mume wangu isipokuwa mimi.

Kabula ananiuliza kama sasa nitafungua sanduku. Nitafungua, nataka nizione jioni zake zote nilizozikosa. Ila siyo leo. Amekula nsansa, amekunywa maji ya tangawizi, amejilaza mkekani barazani. Miguu imezidi mkeka. Nimekaa pembeni yake najifunza upya: kumbe kidevu chake kina kishimo, na sikio la kushoto limesimama kuliko la kulia. Jumatano anarudi Geita.

Kwa hiyo msinicheke. Na kama kicheko kimewashinda, chekeni polepole, asije akaamka kabla sijamaliza kumwangalia.