Nilivyomtetea Shangazi Hadi Kibanda Kikang'olewa

Wenzangu, leo sina uso wa kupita nao Ramisi.

Nimerudi nyumbani juzi, baada ya kuzurura Tanga, Malindi na kwengine nisikopenda kukutaja. Nikamkuta shangazi Mwanasha taabuni. Jirani yake, Bwana Mutua, mkulima wa miwa, ataka kibanda cha mahamri kiondolewe kwenye kona ya njia. Kibanda hicho ndicho kilichonisomesha. Kikao kilikuwa leo, nyumbani kwa mzee wa kijiji.

"Tulia, shangazi. Nitasema mimi."

(Shuleni nilikuwa moto wa midahalo. Ni zamani, najua, lakini nilidhani sifa haziozi.)

Mwalimu wetu alitufunza hivi: anza na hoja za mpinzani, uzitaje zote kwa haki, watu wakuamini. Kisha sema "lakini", uzibomoe moja moja.

Nikasimama. Nikawaamkia wazee kwa heshima zote. Nikaanza.

"Kona ile ni nyembamba. Trekta la miwa likipita, hukaribia kugusa karai la mafuta ya moto. Na hapo ndipo watoto wa shule wanaposimama kununua."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. (Raha iliyoje.) Nikaongeza habari ya trekta kukatika breki. (Hilo hata Mutua hakuwa amelifikiria.) Mama mmoja akajifuta machozi kwa leso.

Shangazi akanivuta kanzu. "Mwanangu, wewe uko upande gani?"

"Subiri," nikamnong'oneza. "Utamu waja."

Nikanyamaza kidogo, maana "lakini" kubwa hutaka kimya. Nikavuta pumzi.

Adhana ya adhuhuri ikaanza.

Watu wakainuka. Mzee akatafuta ndara zake. "Bwana Mutua, una la kuongeza?"

"Sina, mzee. Huyu jamaa amemaliza yote."

"Basi kibanda kihamie uani. Hata mwana wa nyumbani amekiri. Haya, twendeni tukaswali."

Nikamfuata hadi penye maji ya udhu. "Mzee, lakini..."

"Mwanangu, maneno mazuri usiyaharibu."

Alasiri nimebeba nguzo na makuti mpaka uani, ambako mteja pekee ni mbuzi wa jirani. Mutua alipita, akaniita wakili wake.

Nilipomaliza nikamwomba shangazi mahamri mawili. Akaketi, akakunja mikono.

"Haya, anza na sababu za kukunyima."

Ninazo tele, wenzangu, na zote ni za kweli.