Fomu Namba Saba na Choo cha Mkuu

Uongozi wa chuo chetu unayo furaha kuutangazia umma kwamba muhula huu hakuna jambo baya lililotokea, na halitatokea lolote kabla ya Jumatano ijayo, kwa sababu mpaka sasa hakuna aliyeleta fomu.

Tangazo hilo niliandika mimi, Mkurugenzi wa Habari na Matukio, nikalibandika getini kwa gundi nzuri. Wapo waliolisoma wakacheka. Siwalaumu. Mambo ya utawala hayaeleweki kwa mtu aliyesimama getini.

Chuo chetu ni kidogo, cha binafsi, chenye wanafunzi mia tatu na ushee, katika jengo lililokuwa ghala la magodoro. Mwaka juzi ubao wetu wa habari ulikuwa aibu tupu. Maji yamekatika. Mhadhiri wa takwimu hajaonekana wiki ya tatu. Panya ameonekana maabara, tena si yule wa maabara. Wazazi walikuja kuandikisha watoto, wakasoma ubao, wakageuza gari. Mkuu wa Chuo akaniita, akaniuliza hizi habari mbaya zinatoka wapi. Nikamjibu kitaalamu kwamba zinatokana na matukio.

Mkuu akasema, "Basi tuzibe huko."

Ndipo ilipozaliwa Fomu Namba Saba, Maombi ya Kutokea kwa Tukio. Hujazwa nakala tatu, siku tatu za kazi kabla ya tukio lenyewe. Mwombaji anaandika aina ya tukio, mahali, muda litakaochukua, na hisia zitakazojitokeza. Mimi nachuja, Mkuu anasaini. Tukio likishasainiwa linatokea kama lilivyoandikwa, bila kupunguza wala kuongeza, na anayetaka kubadilisha kitu anasubiri siku tatu nyingine. Lisilo na fomu halijatokea.

Matunda yalionekana upesi. Muhula wa kabla ya fomu maji yalikatika mara kumi na moja. Muhula wa baada ya fomu hayakukatika hata mara moja. Ni kweli kwamba bombani hayatoki, lakini hilo ni suala la bomba.

Tatizo letu lilikuwa ukoo mmoja. Kwanza alikuwepo fundi seremala wa chuo, ambaye kila mtu humwita Bisibisi kwa kuwa hajawahi kuonekana bila bisibisi nyuma ya sikio. Mwezi wa pili alifunga mlango mpya wa choo cha Mkuu, kile kilichopo ubavuni mwa ukumbi wa mikutano. Kesho yake alinifuata ofisini.

"Ndugu Mkurugenzi, kile kitasa mlichoninunulia ni kimeo. Mtu atakwama mle ndani."

"Una fomu?"

"Ya kitasa?"

"Ya mtu kukwama."

Alinitazama, akaenda zake. Baadaye akarudi na fomu iliyojazwa vizuri, kwa mwandiko wa duara ambao nilihisi nimewahi kuuona mahali, pengine ubaoni. Tukio: mtu kukwama chooni. Mahali: choo cha Mkuu. Tarehe: siku yoyote kuanzia sasa. Hapo sikuwa na neno. Lakini kwenye hisia alikuwa ameandika "atajua mwenyewe", na hiyo si hisia inayotambulika. Nikaiweka kwenye faili la zinazosubiri, na kwa hiyo nikawa nimezuia ajali.

Wa pili alikuwa mpwa wake, binti wa mwaka wa mwisho aliyesimamia ubao wa habari. Wenzake wanamwita Kipaza, kwa sababu akinong'ona maktaba anasikika kantini. Jumatatu moja saa kumi jioni, nusu ya dari ya maktaba ilishuka juu ya rafu ya sosholojia. Haikumgusa mtu, sosholojia haikuwa na msomaji. Nilifika haraka, nikauliza kama kuna fomu, nikaambiwa hakuna. Nikawaagiza wanafunzi waendelee kusoma, na anayetaka kitabu asogeze kile kitu cheupe kwa adabu.

Asubuhi ubaoni palikuwa pameandikwa kwa chaki, herufi kubwa: DARI YA MAKTABA IMEANGUKA.

Kipaza alishtakiwa kwa kosa la kusababisha tukio kwa kulitangaza. Adhabu yake ni kufukuzwa chuo. Ilikuwa imebaki miezi miwili ahitimu, na mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameshamshonea gauni la mahafali, akaacha na nafasi ya kunenepa. Nilisikitika kama binadamu. Kama Mkurugenzi nilijaza fomu ya kesi: Ijumaa, saa nne asubuhi, ukumbini. Tukio: kufukuzwa kwa mwanafunzi. Hisia: majuto. Mkuu alisaini bila kusoma, kama asainivyo zote, maana ana imani na mimi.

Ijumaa hiyo hiyo Mkuu naye alikuwa na lake. Mkataba wake wa miaka mitano ulikuwa unaisha saa sita kamili mchana, na Mwenyekiti wa Baraza la Chuo alikuwa anakuja kuuhuisha. Mwenyekiti ndiye mwenye chuo, na pia ni mama mkwe wake Mkuu. Kwa hiyo Mkuu alinyoa ndevu mara mbili.

Saa nne kasoro dakika tano akaniambia, "Naingia hapa mara moja," akaingia chooni. Tulisikia mlango ukifungwa. Tulisikia maji ya ndoo. Kisha tukasikia kitasa kikizunguka, kikizunguka tena, na kitu cha chuma kikadondoka sakafuni.

"Mkurugenzi," sauti ya Mkuu ikaita.

"Naam, Mheshimiwa."

"Kitasa kimebaki mkononi mwangu."

Niliangalia daftari la matukio ya siku. Halikuwa na kitu kama hicho. Nikamjulisha.

"Vunja mlango."

"Mheshimiwa, kuvunja mlango ni tukio, tena kubwa. Tunaweza kulipata Jumatano."

Saa nne ikagonga. Kesi ilikuwa na fomu, kwa hiyo ilikuwa lazima itokee. Mimi na mama msajili, ambao ndio wajumbe wa Kamati ya Nidhamu, tulihamisha viti viwili na meza ndogo hadi mlangoni pa choo. Kwenye kumbukumbu nikaandika kwamba mwenyekiti wa kamati, ambaye ni Mkuu, alishiriki kutoka chumba cha jirani. Kipaza aliletwa. Aliutazama mlango, akanitazama mimi, akakaa mwenyewe kwenye ngazi bila kuambiwa.

"Mshtakiwa," nikaanza, "ulitangaza kwamba dari imeanguka. Ulikuwa na fomu?"

"Sikuwa nayo. Lakini mbona mwenyekiti haonekani?"

"Yupo."

"Yuko wapi?"

"Chumba cha jirani."

"Chooni," akasema mama msajili, ambaye hajui kudanganya na ndiyo maana hajapanda cheo.

"Amekwama?" Kipaza akauliza.

"Hajakwama," nikamjibu. "Hakuna fomu."

"Basi aje akae kwenye kiti chake tuendelee. Mimi sina haraka."

Kisha Mkuu akasema kutoka ndani, kwa sauti ya mtu ambaye maji yamemfika shingoni, ingawa chooni maji yalikuwa ya ndoo moja tu, "Binti, mimi nimekwama, unasikia? Nimekwama."

Kipaza alimgeukia mama msajili taratibu. "Mama, umesikia? Mheshimiwa ametangaza tukio lisilo na fomu. Mbele ya kamati."

"Nimesikia," mama msajili akasema. "Nimeandika."

"Mimi niliandika kwa chaki. Yeye kasema kwa mdomo. Kosa ni lile lile. Kama ni kufukuzwa, mjomba atatubebea mizigo wote wawili."

Nilipekua kanuni. Nilipekua tena kuanzia nyuma. Binti alikuwa sahihi, na jambo hilo liliniuma hadi kwenye kucha.

"Mkurugenzi," Mkuu akaita, "kesi imefutwa. Andika. Na mtu yeyote anitoe humu, mama mkwe anafika saa sita."

Niliandika kwamba kesi imefutwa. Mama msajili akagonga muhuri kwa nguvu zaidi ya zinazohitajika. Nilidhani Kipaza ataondoka, lakini alibaki pale pale, akijipangusa sketi.

"Mkurugenzi, mjomba si alileta fomu ya mtu kukwama? Mwezi wa pili?"

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikimbia ofisini, nikaitoa kwenye faili la zinazosubiri, nikaisukuma chini ya mlango pamoja na kalamu.

"Mheshimiwa, ukisaini hapa, utakuwa umekwama kihalali. Baada ya hapo fundi anaweza kuja."

"Lete." Alisaini nakala zote tatu juu ya goti lake, bila kusoma, kwa mwandiko wa haraka wa mtu mwenye imani na mimi. Zikatoka chini ya mlango zikiwa zimelowa kidogo pembeni. Saa ilikuwa nne na nusu. Tukio likawa limeanza rasmi.

Bisibisi alifika, bisibisi sikioni. Alichuchumaa, akachungulia tundu la kitasa, akasema, "Hii ni kazi ya dakika moja." Kisha akainuka, akachukua fomu mezani na kuisoma. "Ila hapa kwenye muda pameandikwa saa tatu."

"Saa tatu zipi?" Mkuu akauliza.

"Saa tatu za kukwama, bosi. Umesaini mwenyewe. Nne na nusu mpaka saba na nusu."

"Nani aliandika saa tatu?"

"Mimi siandiki, bosi, mwandiko wangu mbaya. Huwa namtuma mpwa wangu."

Kipaza alikuwa anaangalia dari ya ukumbi, ambayo haina kasoro.

"Fungua huo mlango," Mkuu akasema. "Naamuru."

Macho yote yakanigeukia. Hapo ndipo mtu anapojulikana kama ni mtumishi au ni bendera tu. Nikasogea mlangoni, nikasema kwa heshima zote, "Mheshimiwa, tukio lililosainiwa linatokea kama lilivyoandikwa. Kulipunguza kunahitaji siku tatu za kazi. Ni maneno yako, ukurasa wa pili."

Aliniita majina ambayo sikuyaingiza kwenye kumbukumbu.

Kwa kuwa tukio lilikuwa na kibali, kanuni ilitaka litangazwe, na kesi ya Kipaza ikiwa imefutwa, mwenye ubao alikuwa ni yeye. Aliandika kwa chaki ya rangi mbili. LEO: MTU KUKWAMA CHOONI. MAHALI: CHOO CHA MKUU. MUDA: SAA TATU. HISIA: ATAJUA MWENYEWE. IMEIDHINISHWA. Kufikia saa tano na nusu chuo kizima kilikuwa kimesimama ukumbini kwa utulivu, wengine na madaftari. Hatujawahi kupata mahudhurio kama yale, hata kwenye mitihani.

Mwenyekiti wa Baraza aliingia saa sita kasoro robo, mama mnene mwenye miwani ya kamba na mkoba uliobeba mkataba. Alisoma ubao mara moja tu. Umati ukampisha. Akachukua fomu mezani, akausogelea mlango.

"Mkwe wangu."

Ikatoka sauti ndogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Nipo hapa kidogo tu."

"Naona. Na hii saini ni yako?"

"Ni yangu, mama. Lakini mkataba unaweza kuupitisha hapa chini, nikasaini sasa hivi."

"Mkataba wa chuo nilichokijenga kwa jasho langu siupitishi chini ya mlango wa choo." Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye wa matukio? Kuna fomu ya kuhuisha mkataba leo?"

Nilifungua daftari. Nikapitisha kidole kwenye Ijumaa, kutoka juu hadi chini. Palikuwa na kesi, na palikuwa na kukwama. Mkuu hakuwahi kuleta fomu ya mkataba wake. Nadhani aliona lile ni lake, litajitokea lenyewe.

"Haipo, mama," nikasema.

"Mkurugenzi," sauti ikaita kutoka ndani, taratibu sana. "Fikiri kabla ya kusema."

"Nimefikiri, Mheshimiwa. Haipo."

"Basi halitokei," akasema Mwenyekiti, akafunga mkoba wake. Tulisimama hivyo hivyo hadi saa ya ukutani ikafika sita, na hakuna aliyepiga kelele. Mama msajili peke yake ndiye aliyepiga chafya.

Saa saba na nusu kamili Bisibisi alizungusha bisibisi yake mara moja, mlango ukafunguka. Mtu aliyetoka hakuwa tena Mkuu wa Chuo. Alinyoosha tai, akatembea hadi getini, na mlinzi akamzuia kwa adabu, akamuuliza mgeni alikuwa amekuja kumwona nani, maana hakusaini kitabu cha wageni.

Jioni ile Kipaza alileta Fomu Namba Saba, mwandiko wa duara. Tukio: kuhitimu. Muda: siku nzima. Hisia: furaha, na mama atalia. Mwenyekiti aliisoma yote, kisha ndipo akaisaini.

Mimi nilisubiri pongezi. Watu walikuwa wananong'ona kwamba nitamwaga unga, lakini mimi nilijua thamani ya uaminifu wangu. Na kweli, Mwenyekiti aliniita, akaniomba nimpeleke maktaba. Alisimama mbele ya rafu ya sosholojia, akatazama kile kitu cheupe sakafuni, akatazama juu.

"Hii nini?"

"Haijatokea, mama."

"Imetokea nusu," akasema. "Nusu nyingine bado ipo juu. Bisibisi anasema ni suala la siku, na mbao za kuishikiza zinakuja mwezi ujao. Wewe ndiye unayejua matukio kabla hayajatokea?"

"Ndiyo, mama," nikasema, na kwa kweli nilivimba kichwa kidogo.

Ndiyo maana sasa ofisi yangu iko huku maktaba. Nimepewa meza na kiti, chini ya ile nusu iliyobaki, na majukumu yangu ni kuleta fomu siku tatu za kazi kabla haijaanguka. Leo asubuhi kimenidondokea kipande begani, kidogo, kama sarafu. Nimejaza fomu nakala tatu. Kwenye hisia nimeandika shukrani. Imerudishwa na barua fupi kutoka kwa mama msajili, inayosema kwamba leo ni Ijumaa, na siku za kazi zitaanza kuhesabiwa Jumatatu.