Fedha, Miiba na Goti la Shangazi Rosmira

Jumatatu, 4 Machi

Profesa Arbeláez ametangaza vita! Mwezi ujao maabara yetu itapandikiza vipande vya metali ya titani kwenye mifupa ya kondoo, na ni aina moja tu itakayokwenda. Yangu, au ya mwenzangu Yurany Betancur. Yangu imepakwa fedha, ambayo huua bakteria. Ya Yurany ina miiba midogo mno isiyoonekana kwa macho, kama bawa la kereng'ende. Eti bakteria akitua, anatobolewa tumbo. Miiba! Nimecheka mpaka kahawa ikanipalia.

Mtihani wenyewe: kwenye kila kipande (tunaviita vifungo, maana ni saizi ya kifungo cha shati) zinawekwa seli za mfupa na bakteria kwa pamoja. Wagombee kiwanja. Atakayewahi kushika ndiye mwenye nyumba.

Jioni nikampitia Shangazi Rosmira. Goti lake la chuma lilitolewa baada ya bakteria kujenga juu yake. Tangu hapo anatembea kwa kushikilia fremu ya chuma, na katika mji huu wa Manizales uliojaa milima, fremu ni sawa na kifungo cha nyumbani. Nikamwahidi goti lake lijalo litakuwa na fedha yangu. Akauliza tangu lini mimi nina fedha. Nikamweleza ni fedha ya madini, si pesa. Akasema yoyote ile, hajawahi kuniona nayo.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Nimepaka fedha mara tatu ya kawaida. Bakteria wote wamekufa. Wote! Nimenunua buñuelo za moto, yale maandazi ya jibini, nikagawia maabara nzima, hata Yurany. Mshindi hana kinyongo.

Saa chache baadaye: sielewi. Seli za mfupa nazo zimekufa. Tunazipaka rangi, zilizo hai zinang'aa kijani na zilizokufa zinang'aa nyekundu. Kifungo changu kilikuwa chekundu kama nyanya. Profesa akainamia hadubini, akasema, "Bwana Quiceno, umefukuza panya kwa kuichoma nyumba." Nikamuuliza kwa nini fedha iue seli zetu wakati iko upande wetu. Akasema fedha haina upande. Ikizidi, inaua chochote kinachoishi.

Haina upande! Na mimi niliyeisugua kwa mikono yangu?

Alhamisi, 7 Machi

Nimepunguza fedha. Nimepunguza sana. Seli za mfupa zikafurahi asubuhi, kufikia jioni bakteria wamezifunika kwa ute mzito kama jibini lililosahaulika.

Ikizidi ni msiba, ikipungua ni msiba. Nikasema ni majivu ya volkano, maana leo mlima ulikuwa unakohoa na magari yote mjini yamegeuka kijivu. Yurany akasema, "Aldemar, chumba cha seli hakina dirisha." Majivu yana njia zake.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata dawa. Jana Profesa alieleza kwamba seli ya mfupa ikishajinyoosha na kushika vizuri, bakteria hukosa pa kukaa. Basi kwa nini seli zangu zianze mbio mstari mmoja na bakteria? Anayemtakia mtoto wake mema humtanguliza.

Leo maabara iko tupu, mji mzima uko kwenye mechi. Nimeingia kwa ufunguo wangu mwenyewe, kwa hiyo si wizi. Nimevimwagia seli vifungo vyangu vya fedha hafifu, chupa mbili nzima. Mpaka Jumatatu bakteria watakapowekwa, seli zangu zitakuwa zimeshatandika mikeka. Kwenye kabati la joto tunamotunzia vifungo, sinia langu ni la kushoto. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumanne, 12 Machi

Sielewi. Sielewi kabisa.

Leo tumesoma matokeo. Vifungo vyangu: ute. Bakteria wamejaa, seli chache zimejikunyata pembeni kama wageni wasiojuana. Vifungo vya Yurany: kijani kitupu! Seli zimetandazwa kama kitambaa cha meza ya sikukuu. Profesa akapiga makofi.

Yurany hakufurahi. Akakunja uso, akasema ni nzuri kupita kiasi, haamini, atarudia kila kitu upya. Mtu gani anaiambia bahati irudi kesho?

Nikaenda kwenye kabati la joto. Nikasimama mbele yake. Sinia langu liko kushoto. Halafu nikakumbuka kwamba Jumamosi nilifungua mlango wa nyuma wa kabati, kwa sababu wa mbele unapiga kelele. Ukisimama nyuma, kushoto ni kulia.

Nimemlimia shamba mwenzangu.

Ijumaa, 15 Machi

Yurany amerudia. Bila msaada wangu, miiba yake bado imeshinda. Si kwa kitambaa cha sikukuu, lakini seli zimekaa na bakteria ni wachache mno. Jambo la kushangaza: miiba ileile inayomtoboa bakteria, seli ya mfupa inaikalia kama mtu aliyekalia zulia. Nimeuliza inawezekanaje. Profesa akasema seli ni kubwa na laini, bakteria ni mdogo na mgumu. Nimeandika hivyo, lakini moyo wangu haujakubali.

Kondoo ni wa Yurany.

Kisha Profesa akauliza nani alitumia chupa mbili za seli mwishoni mwa wiki. Nikakohoa. Yurany akaniangalia, akasema labda zilihesabiwa vibaya. Lakini kwenye korido akanishika kiwiko. "Sikiliza, kaka. Ukitaka kuiba, jifunze kwanza kushoto na kulia." Kisha, bila hata kupumzika, akasema fedha yangu si mbaya. Kidogo sana, katikati ya miiba yake, huenda vikasaidiana. Tufanye pamoja, majina mawili. Nikamwambia nitafikiri. Mtu hajiungi na adui siku ya msiba.

Jumapili, 17 Machi

Shangazi ameshapangiwa upasuaji, mwezi wa tano, goti la kawaida. Daktari wake hana muda wa kungoja kondoo. Nikamweleza nimeshindwa, iliyoshinda ni miiba ya dada mmoja wa maabara. Nilitegemea anipe pole.

"Na huyo dada anataka mfanye kazi pamoja?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe umekataa?"

Nikasema nafikiri.

Akasema, "Mwanangu, mimi nataka tu kushuka mpaka sokoni kwa miguu yangu. Goti likiwa la fedha, la miiba au la udongo, halina jina la mtu." Halafu akageuza uso dirishani, na nikaona ananifichia machozi. Nimemkatia arepa yake, mkate wa mahindi, vipande vidogo ingawa mikono yake haina tatizo. Nimeondoka nimeshikwa na uchungu. Kesho asubuhi namwambia Yurany ndiyo.

Jumatatu, 18 Machi

Sijamwambia Yurany. Nimeamka na wazo kubwa zaidi. Shaba! Inaua bakteria kwa kasi ya ajabu, na hakuna mtu hapa maabara aliyeifikiria. Nimepaka kifungo kimoja tabaka nene, zuri, jekundu kama jua linapochomoza.

Bakteria wote wamekufa! Wote!

Seli za mfupa sijaziangalia bado. Lakini kwa rangi nzuri namna hii, sina wasiwasi.